Mteuzi na Kopo la Escudo

Mzee ninayemwandika hapa aliteua tumbaku kwa zaidi ya miaka 30. Kwa msomaji asiyetoka mikoa ya tumbaku, mteuzi ndiye anayesimama sokoni mbele ya robota lililofunguliwa, akachomoa majani machache, akayatazama, akayaminya, akayanusa, halafu akatamka daraja. Daraja ndilo bei. Mkulima aliyekesha akichochea moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, anamwangalia yeye, mnunuzi wa kampuni anamwangalia yeye, na robota jingine limeshasogezwa mbele. Kazi hiyo aliifanya kwa sekunde chache, siku nzima, msimu baada ya msimu. Sasa amestaafu, yuko Morogoro, na kazi ileile anaifanya nyumbani kwa mwendo mwingine kabisa: kopo moja la gramu 50, jioni nzima.

Ndani ya kopo hilo mna tumbaku ya kiko, mchanganyiko wa aina mbili za majani, Virginia na periki. Mpwa wake anayeishi Houston humletea akija likizo. Nimepata bahati ya kuketi naye barazani nikamtazama akiionja. Mimi mwenyewe sivuti, wala simshawishi mtu aanze. Tumbaku inaua, na moshi wa kiko, hata usiposhushwa mapafuni, huleta saratani ya kinywa na ya koo. Mzee analijua hilo kuliko mimi, na ndiyo maana anavuta kiko kimoja tu kwa juma, Jumamosi, akiwa ameshakula. Ninachotaka kusimulia ni namna anavyoonja, kwa kuwa sijaona mtu mwingine anayekipa kitu kidogo namna ile muda mwingi namna ile.

Kopo lenyewe ni la Escudo. Zamani ilikuwa tumbaku ya Cope Brothers wa Liverpool. Siku hizi hutengenezwa Denmark. Majani ya Virginia huviringishwa pamoja na periki kuwa kamba nene, yakakandamizwa, kisha kamba hukatwa kwa kisu kikali kuwa vipande vyembamba vya duara ambavyo wavutaji wa kiko huviita sarafu. Ukilifungua kopo unazikuta zimepangwa zikisimama kwa ubavu, zimebanana, na katika kila moja unaona mizunguko ya kahawia ikipokezana na myeusi hadi katikati.

Mzee akishalifungua, halinusi. Hulisogeza mbali kidogo mezani na kuendelea na mazungumzo mengine. Hewa iliyofungiwa ndani hutoka kwanza, nayo ina ukali wa siki. Akiinusa hiyo, pua itachoka kabla ya kazi kuanza. Dakika kumi hivi zikipita, hulivuta kopo karibu, huinamisha uso kwa mbali, hurudi nyuma, hungoja, halafu husogea tena kwa karibu zaidi. Mara ya tatu huvunja ukingo wa sarafu moja na kuunusa pale palipovunjika.

"Unasikia nini, Mzee?" nilimuuliza siku moja nilipoona amenyamaza sana.

"Subiri, mwanangu. Bado inasema yote kwa pamoja."

Kazi ya jicho ndiyo inayofuata, na hapa ujuzi wake wa sokoni unaonekana wazi. Huweka sarafu kwenye sahani nyeupe ya kauri, karibu na dirisha, jua likiwa bado juu. Rangi ya tumbaku, anasema, haiteuliwi chini ya taa. Kwa ukucha wa kidole gumba huanza kuifungua sarafu kutoka ukingoni, nayo hujikunjua taratibu kuwa utepe mmoja wa majani yaliyolaliana. Anayatenga. Huku yanakwenda ya rangi ya dhahabu iliyofifia, huku ya chungwa, huku ya kahawia nyekundu, na pembeni kabisa vipande vichache vyeusi vyenye mng'ao wa mafuta. Weusi huo ndio periki. Niliuliza mbona vipande vyake ni vichache kiasi kile. Alijibu kuwa ikizidi hutasikia kingine.

Vile vya dhahabu na chungwa anavijua kwa undani, kwani ndivyo vilivyomlisha. Virginia ndiyo tumbaku ya mvuke ya kwetu, ile ya Urambo, Kaliua, Sikonge na Chunya. Urambo ilikuwa moja ya sehemu za mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Karanga ziliposhindikana, ardhi ile ikageuzwa kuwa ya tumbaku, na tumbaku ikabaki. Majani huvunwa kuanzia chini ya mche, machache kila yanapoiva, hufungwa kwenye fito na kupangwa ndani ya bani. Moto unawaka kwa nje. Joto hupita ndani ya bomba lililotambazwa karibu na sakafu, moshi hutolewa na dohani, na jani haliguswi na moshi hata kidogo.

Siku za kwanza joto huwa dogo, chini ya nyuzi 40, na bani lina unyevu mwingi. Jani bado li hai. Wanga uliomo ndani yake unageuka sukari, kijani kinatoka na njano inaingia. Hapa ndipo mkulima hodari anapotofautiana na mwenzake. Akipandisha joto mapema, jani linakufa likiwa na kijani chake, na mteuzi atakiona. Akichelewa, njano inageuka kahawia na sukari inaliwa na jani lenyewe. Akiipata ile saa, hupandisha joto hatua kwa hatua hadi nyuzi 70 na ushei, mpaka uti wa jani ukikunjwa ukatike kwa mlio. Kazi nzima huchukua karibu wiki, usiku na mchana, na kuni zake ni nyingi mno. Miombo ya Tabora imelipia, na mabani ya kisasa yanayotumia kuni chache yamechelewa kuwafikia wengi.

Asili ya jani hilo la njano husimuliwa kutoka North Carolina, mwaka 1839, katika wilaya ya Caswell. Stephen Slade, kijana mtumwa katika shamba la Abisha Slade, alikuwa akilinda moto wa kukaushia tumbaku usiku. Usingizi ukampitia. Alipozinduka moto ulikuwa karibu kuzimika, akakimbilia mkaa na kuutupia, na joto la ghafla likayageuza majani kuwa na rangi ya dhahabu ambayo wanunuzi hawakuwahi kuiona. Fedha ziliingia kwa mwenye shamba. Nilipomsimulia Mzee habari hiyo aliweka sahani chini. "Kumbe ni mtunza moto," akasema. "Aliyekaa na moto ndiye aliyejua." Huo ndio uamuzi wake juu ya historia ya Virginia, na mimi sina la kuuongezea.

Periki hajawahi kuiona shambani. Nimejaribu kumweleza inavyotengenezwa, naye huniuliza maswali ya mtu wa kazi: inavunwa mche mzima au jani moja moja, uti unatolewa lini, pipa linafunguliwa mara ngapi. Inatoka mahali padogo sana: St. James Parish, Louisiana, kando ya mto Mississippi, kati ya Baton Rouge na New Orleans, hasa kwenye udongo wa Grande Pointe. Wenyeji wa nchi ile, Wachoctaw na Wachickasaw, husimuliwa kwamba ndio walioanza kukandamiza tumbaku ndani ya magogo yaliyochongwa uwazi. Mkulima aitwaye Pierre Chenet ndiye anayetajwa kuigeuza kuwa biashara mwaka 1824. Mbinu haijabadilika sana tangu hapo.

Miche hukatwa mizima wakati wa kiangazi na kutundikwa bandani ikauke kwa hewa tu, bila moto, hadi majani yawe kahawia. Kisha majani hulowekwa kidogo yalainike, na wafanyakazi huketi wakichomoa uti wa kila jani kwa mkono. Yaliyobaki husokotwa kuwa vibunda, na vibunda hupangwa kwa kubanana ndani ya mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuwekewa wiski. Juu ya pipa huwekwa kifuniko cha mbao, na juu ya kifuniko parafujo kubwa ya chuma inayozungushwa mpaka utomvu wa majani upande na kuyafunika. Mtu aliyewahi kuvundika ndizi shimoni ataielewa nia ya kazi hii, ila ndizi ni siku nne na periki ni karibu mwaka.

Katika mwaka huo pipa haliachwi tu. Kwa kawaida mara tatu kifuniko huondolewa, vibunda hutolewa kimoja kimoja, hufunguliwa, huachwa vipate hewa, halafu hurudishwa vile vilivyokuwa chini vikikaa juu, na parafujo hukazwa upya. Chini ya utomvu, pasipo hewa, hamira za asili hufanya kazi yao. Vibunda vikitolewa hewani, majani huzidi kuwa meusi. Mwishoni jani linang'aa kwa weusi na lina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, siki na pilipili. Kazi ni ngumu, ya mikono, na faida yake huchelewa mwaka mzima, kwa hiyo wengi waliiacha. Kuelekea mwisho wa karne ya 20 wakulima walibaki wa kuhesabika kwa vidole, na kiwanda cha L. A. Poche huko Convent ndicho kilichoendelea kushika uzi. Ningependa wahusika wa pale wajue kwamba kuna mteuzi wa Morogoro anayetenga vipande vyao kwa ukucha na kuvihesabu.

Tumbaku ya kopo hufungwa ikiwa na unyevu mwingi ili isikauke njiani na dukani. Unyevu huo haufai kuwashwa: utageuka mvuke na kuunguza ulimi, na mtu ataisingizia tumbaku kosa la maji. Mzee huchukua sarafu tatu, huzipekecha kwa vidole mpaka zilegee, hazivunjivunji kuwa vumbi, na kuzitandaza juu ya karatasi safi kivulini. Hapo anasahau, au anajifanya kusahau. Kila baada ya muda huchukua donge dogo na kulibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Likibaki limeshikana, ni mbichi. Likilia, imekauka mno. Analotaka ni lile linalobanwa, likatulia kidogo, halafu likaanza kujiachia lenyewe polepole. Barazani kwake hilo huchukua kama saa moja, na masika zaidi. Sijamwona akiisogeza karatasi juani hata mara moja.

Wakati tumbaku inangoja, anaandaa kiko. Anavyo kadhaa, na kimojawapo ni cha jiwe jeupe la Amboseli, lililochimbwa mpakani mwa Kenya na Tanzania na kuchongwa Arusha enzi ambazo viko vyetu viliuzwa hadi Ulaya. Hicho hakitumii kwa kazi hii. Anatumia cha brayeri, yaani fundo la mzizi wa kichaka kinachoota kando ya Bahari ya Mediterania, gumu na lisilopasuka kwa moto. Kichwa chake ni chembamba na kirefu, kwa sababu tumbaku iliyokandamizwa huungua vizuri ikiwa nguzo ndefu kuliko ikiwa beseni pana. Kiko hicho hakijawahi kutiwa tumbaku ya aina nyingine tangu akinunue. Kuta zake zina kumbukumbu: ukivutia humo tumbaku iliyotiwa manukato mara moja, Virginia ya wiki tatu mbele itakuja na harufu ya vanila.

Anaingiza kidole kidogo ndani ya kichwa na kukizungusha, akipima tabaka la masizi. Linatakiwa liwe jembamba na sawa pande zote, milimita moja hivi. Hupitisha uwaya laini wenye nyuzi ndani ya mrija, huutazama kama umetoka mkavu, hupuliza, na kusikiliza. Hajawahi kunieleza anasikiliza nini, lakini siku moja alipuliza, akatikisa kichwa, akaurudisha uwaya ndani, na safari ile ukatoka na chembe moja nyeusi.

Wavutaji wa Ulaya wana msemo kwamba kiko hujazwa mara tatu, kwanza kwa mkono wa mtoto, kisha wa mama, kisha wa baba. Mzee anaufuata bila kuutamka. Tumbaku ya kwanza huiachia idondoke kwa uzito wake wenyewe mpaka ijae, na kuigusa tu hadi ishuke nusu. Ya pili huisukuma kidogo. Ya tatu huikaza, ila kwa kidole kimoja, akizunguka ukingoni kwanza na kumalizia katikati. Halafu hukitia kiko mdomoni bila moto na kuvuta. Hewa ikipita bure, amelegeza, ikikataa, amebana. Mara mbili nimemwona akimwaga yote juu ya karatasi na kuanza upya, bila kuguna. Aliyezoea kurudisha robota zima kwa sababu ya majani mawili mabichi katikati yake haoni shida kurudia kiganja kimoja cha tumbaku.

Kabla ya kuwasha hunywa chai ya rangi isiyo na sukari, mafunda mawili matatu, kusafisha kinywa.

Huwasha kwa kiberiti cha njiti, na anangoja kichwa cha njiti kiungue chote kwanza ili harufu ya baruti isiingie. Moto huuzungusha juu ya uso wa tumbaku, akivuta kidogo kidogo. Tumbaku huinuka na kujikunja, inatoka nje ya kiko. Anaiacha izime. Moto huo wa kwanza ni wa kutandika tu. Kishindilio chake ni msumari wa inchi sita uliokatwa ncha na kusuguliwa kwa msasa mpaka ukalainika. Kwa kichwa cha msumari huo huulaza ule mkaa mwembamba, uzito wa msumari wenyewe ukitosha, na kuwasha mara ya pili. Njiti zilizotumika hazitupi. Huzilaza mezani kando kando, maana zitahesabiwa.

Kuanzia hapo mtu anayemtazama kwa mara ya kwanza atadhani kiko kimezimika. Moshi unaotoka ni uzi tu. Virginia ina sukari nyingi, na sukari ikivutwa kwa pupa huwaka kwa joto kali. Utamu wote unaungua na kinachobaki ni ulimi uliochomwa. Kwa hiyo anavuta kwa kuonja, hewa ndogo, anakaa nayo kinywani, anaiachia. Kila baada ya muda hukigusisha kichwa cha kiko shavuni. Kikiwa cha kustahimilika anaendelea, kikizidi anakiweka chini hata kama kitazimika. Moshi haumezi. Lakini sehemu ndogo huipitisha puani kwa kutoa pumzi polepole mdomo ukiwa umefungwa, na hapo huwa amefumba macho, kwa kuwa pua hutambua mengi ambayo ulimi hauwezi.

Theluthi ya kwanza ya kiko ni ya Virginia. Anaitaja kwa sauti nami naandika: mkate wa ngano uliotoka tanurini, nyasi kavu, ganda la chungwa, mbali kidogo sukari guru. Anapotaja kitu hurudi tena kukithibitisha, na mara nyingine hukifuta. "Chungwa andika. Guru bado, subiri." Guru ilikuja kuandikwa karibu robo saa baadaye.

Periki haiji kwa tangazo. Huanza puani, na mzee anasisitiza tofauti ambayo naona ndiyo kiini cha uonjaji wake. Ukali ukija ulimini, hiyo si periki. Ni joto, ni haraka, ni unyevu, ni kosa la mvutaji au la mtengenezaji. Ukija puani, mkavu, kama pilipili manga iliyosagwa chumba cha pili, huku ulimi umetulia kabisa, hiyo ndiyo yenyewe. Baada ya pilipili yanafuata matunda: tini kavu, zabibu, halafu uchachu mdogo ambao alikaa nao muda mrefu kabla ya kuupa jina. Mwishowe akasema ni ukwaju ulioiva, ule wa hudhurungi, na nikaona uso wake umeridhika.

Swali analolipima katikati ya kiko ni moja, na jioni niliyokuwa nikiandika alilirudia mara nyingi: imekaa juu au imeingia? Kuna michanganyiko ambayo Virginia inapita na njia yake na periki na yake. Unasikia utamu, halafu pilipili, halafu utamu tena. Hiyo imekaa juu. Katika iliyoingia, matunda ya periki huonekana kuwa ni ya Virginia yenyewe, na huwezi kuonyesha mpaka. Kukandamizwa pamoja, joto na muda ndivyo vinavyofanya hivyo, na ndiyo faida ya tumbaku ya sarafu juu ya ile iliyochanganywa ikiwa imeshakatwa. Mzee anahukumu hivyo kwa uzito uleule aliohukumia robota.

Theluthi ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi, kwani chini ya kichwa hukusanyika maji na tumbaku iliyobaki imeshapashwa moto muda mrefu. Utamu hupungua. Kinachokuja ni cheusi zaidi, sukari iliyoungua, mti, uzito wa nikotini unaohisiwa tumboni. Ndiyo sababu havuti akiwa na njaa. Hapa mwendo wake unapungua zaidi. Anashindilia kwa msumari kwa mguso mdogo mno kiasi kwamba jivu halivunjiki, linashuka tu. Aliwasha njiti ya nne, akailaza kando ya wenzake. Saa na robo ilikuwa imepita.

Kiko kilipokwisha hakutoa hukumu. Alikiacha kipoe kabisa, maana ukichomoa mrija kiko kikiwa cha moto unapanua tundu lake, kisha akamwaga jivu kwenye ile sahani nyeupe. Lilikuwa la kijivu kilichoelekea weupe, laini, bila makapi mabichi ndani yake. Alilitawanya kwa ncha ya njiti akitafuta vipande visivyoungua. Alipata kimoja, kidogo kuliko punje ya mchele.

Ana daftari la kurasa zenye mistari, na kila tumbaku ina ukurasa wake: rangi, unyevu, idadi ya njiti, ulimi, pua, jivu. Mistari hiyo aliijaza jioni ileile. Mstari wa daraja aliuacha wazi. Hutoa daraja baada ya kuvuta mara ya pili, wiki nyingine, na safari hiyo haipekechi sarafu bali huikunja nzima na kuiingiza hivyo hivyo, ili iungue polepole zaidi na aone kama aliyosikia mara ya kwanza ni ya tumbaku au ni ya mkono wake. Nilimuuliza kama sokoni hakuwahi kutamani kupewa wiki ya pili. "Sokoni nilikuwa na mkulima amesimama mbele yangu, mwanangu," akasema. "Hapa hakuna anayedai."

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Alikunja sarafu, akatumia njiti tatu, ukwaju ukarudi mapema zaidi, na pilipili ikabaki puani tangu mwanzo hadi mwisho bila kuteremka ulimini. Alipomaliza alivaa miwani na kuandika. Virginia: daraja la kwanza, jani limeiva bani, halina kijani. Periki: kiasi chake sahihi, imeingia. Dosari: kopo likifunguliwa ni bichi, lipewe saa moja. Chini yake akaongeza kwamba kopo la pili aliloletewa lisifunguliwe kabla ya miaka mitano, kwa kuwa Virginia iliyokandamizwa huendelea kuiva ndani ya kopo lililofungwa, na angependa kuipa daraja tena ikiwa imekomaa.